Majani, Vidonge na Imani: Mwamini wa Pemba Mbele ya Tiba Asili na Dawa Lishe

Kila mwaka tarehe 11 Februari Mama Kanisa anaadhimisha Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyoanzishwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992. Katika kisiwa cha Pemba, ambako Wakatoliki ni wachache na nyumba zao zimetawanyika, siku hiyo na siku nyingine nyingi za mwaka tunakwenda majumbani kusali pamoja na wagonjwa na kuwapelekea Ekaristi Takatifu. Mezani tunakuta msalaba, mshumaa, chupa ya maji ya baraka na kadi ya hospitali. Lakini si mara moja tumeona kanga ikivutwa haraka kufunika kitu kingine: chupa ya maji meusi ya mizizi, karatasi yenye unga usio na jina, au kopo la vidonge lenye maandishi ya lugha asiyoijua mtu yeyote nyumbani humo. Mgonjwa hataki padre avione. Na tukizungumza naye kwa upole, aghalabu tunagundua kwamba hakumweleza hata daktari.

Makala haya tumeyaandika kwa sababu ya kanga hiyo. Yapo majani yanayofaa na yapo yanayodhuru; vipo vidonge vinavyoponya na vipo vya udanganyifu. Lakini dawa inayofichwa haiwezi kupimwa na mtu yeyote, na mgonjwa anayeificha hubaki peke yake na hofu yake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tungependa kueleza, kadiri tunavyoweza, mambo matatu: watu wetu wanatumia nini na kwa nini, sayansi, hata ile iliyofanyika hapa hapa Pemba, imetufundisha nini, na Mama Kanisa anafundisha nini kuhusu hayo yote.

Tunazungumzia nini hasa?

Maneno yanayotumika ni mengi na mara nyingi huchanganywa. Tiba asili ni maarifa ya uponyaji yaliyorithishwa kizazi hata kizazi katika jamii fulani. Tiba mbadala ni njia za uponyaji zilizotoka kwingine na zisizo sehemu ya huduma ya kawaida ya hospitali. Dawa lishe, au virutubisho, ni vitamini, madini, mafuta na dondoo za mimea zinazouzwa katika vidonge, unga au chai kwa ahadi ya kuongezea mwili kile unachokosa.

Hapa Pemba vyote vitatu vinakaa pamoja. Kwanza kuna dawa za nyumbani, ambazo hakuna anayeziita uganga: mchaichai na tangawizi kwa mafua, kivumbasi cha kujifukiza, majani ya mwarobaini kwa homa, majani ya mlonge jikoni, karafuu kwa jino linalouma. Pili, kuna wataalamu wa jadi: wakunga, waunga mifupa na wale wanaojua mizizi ya msituni. Tatu, kuna maduka yanayouza habasoda, asali, mvuje na mafuta ya aina nyingi, pamoja na wanaofanya hijama, yaani kuumika kwa chuku. Nne, wapo waganga wanaopiga ramli, wanaotoa hirizi na wanaopunga pepo. Jina la Pemba limevuma kwa jambo hili tangu zamani. Mwandishi Mwingereza Evelyn Waugh, aliyezuru visiwa hivi, aliirudia sifa hiyo katika kitabu cha safari alichochapisha mwaka 1931, na hadi leo wapo wanaovuka bahari kuja Pemba kutafuta mganga. Tano, na hili ni jipya zaidi, kuna dawa lishe zinazouzwa na mawakala wa biashara ya mtandao, ambao mara nyingi ni jirani, mfanyakazi mwenzetu au mwanajumuiya wetu.

Tunayatofautisha mapema kwa sababu hukumu moja haiwezi kuyatosha yote. Anayechemsha mchaichai na anayechinja kuku mweusi kwa agizo la mpiga ramli hawafanyi jambo moja, ingawa wote wawili huambiwa kwamba wametumia dawa za kienyeji.

Kwa nini watu huenda huko?

Ni rahisi kusema kwamba watu huenda kwa mganga kwa sababu ya ujinga. Wanaosema hivyo hawajakaa na wagonjwa. Mganga husikiliza kwa muda mrefu, huku daktari akiwa na foleni ndefu nje ya mlango. Mganga hukuta ukoo umekusanyika na huzungumza na wote. Malipo yake yanaweza kutolewa kidogo kidogo. Isitoshe, hujibu swali ambalo kipimo cha damu hakilijibu: kwa nini mimi, na kwa nini sasa?

Sababu nyingine ni maradhi yenyewe. Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huambiwa hospitalini kwamba atameza dawa kila siku hadi mwisho wa maisha yake. Kisha anakuja muuzaji mwenye kopo zuri na kumwahidi kwamba baada ya siku chache atapona kabisa. Ni nani asiyetamani kusikia neno hilo? Wengi hawanunui vidonge tu. Wananunua ahadi ya kwamba ugonjwa una mwisho.

Wala hili si jambo la nchi maskini peke yake. Norwei ni miongoni mwa nchi tajiri zenye hospitali bora, na bado watu wake wengi hutumia tiba mbadala na dawa lishe. Nchi hiyo ilianzisha mwaka 2000, katika mji wa Tromsø, kituo cha taifa cha utafiti wa tiba hizo, na tangu mwaka 2007 kituo hicho kimekuwa kikifanya tafiti za mara kwa mara kujua wananchi wanatumia nini. Mwaka 2003 Wanorwei walitunga sheria mpya kuhusu tiba mbadala, ikachukua nafasi ya sheria kali ya mwaka 1936 iliyowalenga matabibu wa bandia. Badala ya kuzifukuza tiba hizo gizani, waliziweka mahali panapoonekana, lakini wakasisitiza kwamba maradhi mazito yatibiwe na wahudumu wa afya.

Katika nchi hiyo, mafuta ya ini la samaki yamekuwa desturi ya nyumba nyingi wakati wa baridi, kwa kuwa kaskazini kuna majuma ambayo jua halichomozi kabisa, na mwili usipopata jua hupungukiwa na vitamini D. Yaani waliujua upungufu kwanza, ndipo wakatafuta cha kuujaza. Sisi mara nyingi huanza upande wa pili: tunanunua kopo, kisha tunatafuta maradhi ya kulilinganisha nalo.

Funzo ambalo Pemba iliupatia ulimwengu

Huenda wasomaji wetu wengi hawajui kwamba mojawapo ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu virutubisho ilifanyika katika kisiwa hiki. Huko Wawi, Chake Chake, kuna Maabara ya Afya ya Jamii yenye jina la mtaalamu wa Kiitalia wa vimelea, Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000. Miaka miwili baadaye ulianza Pemba utafiti mkubwa juu ya watoto wadogo. Swali lilionekana rahisi. Watoto wengi walikuwa na upungufu wa damu. Je, wakipewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, vifo na maradhi havitapungua?

Watoto 24,076 wenye umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 35 waliingizwa katika utafiti huo. Baadhi walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine wakaongezewa zinki, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ili matokeo yalinganishwe. Kila mtu alitazamia habari njema. Lakini mwezi Agosti mwaka 2003 kamati huru iliyosimamia usalama wa watoto ilishauri kwamba utoaji wa madini ya chuma na asidi ya foliki usimamishwe. Watoto waliopewa virutubisho hivyo walikuwa wameonekana kufariki au kulazwa hospitalini kwa maradhi mazito zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya asilimia 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la kitabibu la The Lancet, nayo yakawafanya wataalamu duniani kote kutafakari upya.

Je, madini ya chuma ni sumu? La hasha. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na upungufu halisi wa madini hayo pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Madhara yalitokea palipokuwa na malaria kali na madini hayo yakatolewa kwa kila mtoto bila kwanza kujua nani anayahitaji. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba katika maeneo yenye malaria, watoto wapewe madini ya chuma sambamba na hatua za kuikinga, kuipima na kuitibu malaria.

Tunaomba kila mzazi alitafakari jambo hili. Kitu chema, kilichotolewa kwa nia njema na wataalamu kwa vipimo sahihi, kiliwadhuru baadhi ya watoto kwa kuwa hawakukihitaji au kwa kuwa kilikutana na ugonjwa mwingine mwilini. Hatari hiyo iligunduliwa kwa sababu kila mtoto aliandikwa, akafuatiliwa, na matokeo yakahesabiwa bila kufichwa. Sasa tufikiri juu ya kopo la unga linalouzwa mlangoni, ambalo hakuna anayehesabu wala kufuatilia wanaolitumia. Likidhuru, nani atajua?

Si kila cha asili ni salama

Neno tunalolisikia mara nyingi kutoka kwa wauzaji ni kwamba bidhaa yao ni ya asili, kwa hiyo haina madhara. Wapemba tuna sababu ya huzuni ya kulikataa neno hilo. Mwezi Machi mwaka 2024, katika Kisiwa Panza, watoto 8 na mama mmoja walifariki dunia na watu wengine 78 walilazwa baada ya kula nyama ya kasa. Kasa ni kiumbe wa bahari yetu, hakutiwa kemikali ya kiwandani. Hata hivyo nyama yake huweza kubeba sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi.

Mimea nayo ndivyo ilivyo. Karafuu ni fahari ya Pemba, na mafuta yake yana dutu iitwayo yujinoli ambayo hata madaktari wa meno huitumia kutuliza maumivu. Lakini mtoto mdogo akiyanywa mafuta hayo, hata kwa kiasi kidogo, ini lake linaweza kuharibika. Majani ya mwarobaini yanajulikana na wote, ila mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga mitukutiko na hata kifo. Baadhi ya aina za wanja tunazowapaka watoto machoni zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo unaokua. Vitamini A ni ya lazima kwa mtoto, lakini ikizidi kwa mama mjamzito huweza kumlemaza aliye tumboni. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo mtoto huviona kama peremende, vinaweza kumuua akivimeza vingi.

Hatari nyingine ni kuchanganya. Mgonjwa anayemeza dawa ya kisukari au ya shinikizo la damu, kisha akaongeza kwa siri dawa ya mitishamba yenye kazi hiyo hiyo, anaweza kushushwa sukari au presha kupita kiasi. Vitunguu saumu vilivyokolezwa katika vidonge huweza kuongeza utokaji wa damu kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Tena imegunduliwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, kwamba baadhi ya dawa zinazoitwa za asili zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali, hasa zile za kuongeza nguvu za kiume na za kutuliza maumivu ya viungo. Mnunuzi hushangaa jinsi zinavyofanya kazi upesi, asijue anameza nini.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kuchelewa. Katika pwani yetu mtoto anapopata degedege, wapo wanaoamini kwamba ni shetani au ndege aliyempitia, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Basi hufukizwa, hupakwa dawa, na saa zinapita. Wakati huo malaria inaweza kuwa imepanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo inaendelea. Akifikishwa hospitalini dakika za mwisho na kufariki baada ya sindano, imani ile huonekana kuwa kweli, na mtoto wa jirani naye atacheleweshwa. Hivyo ndivyo desturi inavyojijengea ushahidi kwa maisha ya watoto. Mtoto mwenye degedege apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo tunawasihi wazazi wasikubali watoto wao wakatwe kimeo, kwa maana kidonda hicho kimewaletea wengi kutokwa na damu na maambukizi.

Jani lililopimwa

Tusije tukaeleweka kwamba tunadharau maarifa ya wazee. Dawa mseto inayotibu malaria hapa Zanzibar, iliyoanza kutolewa katika vituo vya afya mwaka 2003 na kusaidia sana kuipunguza malaria visiwani, ina asili yake katika mmea wa pakanga ambao Wachina waliutumia kwa karne nyingi. Mwanasayansi wa China, Bibi Tu Youyou, alivisoma vitabu vya kale, akautenganisha uto wa mmea huo, akaupima, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Jani lilikuwa na nguvu kweli. Lakini Shirika la Afya Duniani halipendekezi kunywa chai ya pakanga kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kikombe hakijulikani, na kipimo pungufu huweza kuwazoesha vimelea.

Nchi yetu nayo imechagua njia ya kupima na kusajili. Muhimbili kuna taasisi ya tiba asili tangu mwaka 1974. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2008, ikaunda Baraza linalosimamia na kusajili waganga na dawa zao. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ndio wenye dhamana ya kukagua vyakula na dawa zinazoingia sokoni. Usajili hauthibitishi kila ahadi ya muuzaji, lakini humpa mwananchi mahali pa kuuliza na pa kulalamika.

Mama Kanisa anafundisha nini?

Imani yetu haijawahi kuwa adui wa dawa. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kwamba Mungu ndiye aliyeziumba dawa kutoka ardhini, na kwamba mtu mwenye busara hazidharau. Kinamwagiza mgonjwa asali, atubu, kisha ampe tabibu nafasi yake. Msamaria mwema alimmiminia majeruhi mafuta na divai, vitu vilivyotumika kwa tiba wakati ule. Mtakatifu Paulo anamtaja Luka kuwa tabibu mpendwa. Hata Uinjilishaji wa visiwa hivi ulianza na huduma kwa wagonjwa: Padre Armand Fava alipofika Unguja mwezi Desemba mwaka 1860 kutoka kisiwa cha Réunion, aliongozana na masista na daktari, na hospitali ilikuwa miongoni mwa kazi zao za kwanza.

Kwa hiyo mwamini anayekunywa majani yaliyothibitika kuwa salama hatendi dhambi, wala hana haja ya kuyafunika kwa kanga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2115 hadi 2117, inakataza jambo jingine: kupiga ramli, kuita pepo au wafu, kutafuta nguvu za siri za kuwatawala watu wengine, kuvaa hirizi. Inaeleza wazi kwamba kutafuta tiba ya jadi hakuhalalishi kuziita nguvu za uovu wala kuwanyonya watu kwa kutumia wepesi wao wa kuamini. Mpaka umewekwa hapo. Swali la kwanza kwa mwamini ni kama anatibiwa kwa kitu kilichoumbwa na Mungu au anaombwa kukabidhi tumaini lake kwa nguvu nyingine.

Ramli ina dhara lingine ambalo sisi wa visiwani tunalijua. Mara nyingi jibu lake huwa jina la mtu: shangazi, mke mwenza, jirani. Mgonjwa haponi, na ukoo unavunjika. Tumeshuhudia familia ambazo hazisalimiani kwa miaka kwa sababu ya neno moja la mpiga ramli. Hakuna dawa ya kweli inayodai chuki iwe malipo yake.

Tuwe waaminifu pia katika kujichunguza wenyewe. Yapo mafuta, chumvi na maji yanayouzwa kwa jina la Yesu kama vile ni dawa za dukani. Visakramenti vya Kanisa haviuzwi, wala havifanyi kazi kama hirizi. Hutuandaa kupokea neema kwa sala ya Kanisa. Tarehe 14 Septemba mwaka 2000 Baraza la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa maelekezo kuhusu sala za kuomba uponyaji, likizitambua kuwa njema na likionya dhidi ya mihemko na maonyesho. Watanzania tunakumbuka pia mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Tunaiheshimu kumbukumbu yake, naye amekwisha kutangulia mbele ya haki mwaka 2021. Hata hivyo wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi wakiamini wamepona. Imani isiyomruhusu mgonjwa kurudi kupimwa si ile aliyotufundisha Bwana, kwa maana aliowaponya wakoma aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani.

Kuhusu ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Pemba na ndio majirani zetu wema, hatuandiki kuhukumu desturi za dini yao. Mkatoliki anayekwenda kunywa kombe au kusomewa, kwa kuwa tu ameambiwa ndiyo njia ya mwisho, ajiulize kama anaiheshimu imani ya wenzake au anaitumia kama kidonge. Njia yake iko karibu: Sakramenti ya Kitubio, Ekaristi, na Mpako wa Wagonjwa, ambao Mtakatifu Yakobo anauelekeza katika sura ya 5 ya barua yake. Wengi bado wanauogopa Mpako wakidhani ni alama ya kifo. La, hutolewa kwa kila mgonjwa aliye katika hali nzito, kwa mzee aliyedhoofika, na kwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa. Nao huweza kurudiwa.

Tufanye nini?

Kwanza, tumweleze daktari au muuguzi kila tunachomeza, yakiwemo majani, mafuta na dawa lishe. Tukienda hospitali ya Chake Chake, Wete au Mkoani, tubebe kopo lenyewe. Pili, tusiache dawa ya kisukari, presha, kifafa au Ukimwi kwa neno la muuzaji, hata kama ni rafiki yetu. Tatu, tuyaepushe na dawa zisizojulikana makundi matatu: watoto wachanga, mama wajawazito na wenye maradhi ya ini au figo.

Nne, tukiuziwa dawa tuulize: ina nini ndani, imesajiliwa wapi, nani ameipima, na muuzaji anapata nini nikinunua? Dawa moja inayodaiwa kutibu kila kitu, kuanzia uzazi hadi saratani, imekwisha kujitangaza kuwa ya uongo. Tano, tukumbuke kwamba dagaa, mayai, mchicha, majani ya mlonge, papai na embe ni lishe iliyo karibu nasi, wakati kliniki ya mama na mtoto hutoa vidonge vya kuongeza damu na matone ya vitamini A kwa wanaostahili kuvipata. Fedha ya kopo moja la dawa lishe ingeweza kuilisha nyumba samaki kwa siku nyingi.

Sita, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kusema bila aibu. Kama mganga anapendwa kwa sababu husikiliza, na sisi tusikilize. Kama anakuja nyumbani, na sisi tuende. Jumuiya ichange nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali kabla hajaikopa kwa safari ya kwa mpiga ramli. Na wanajumuiya wanaouza dawa lishe wasiutumie mkutano wa sala kuwa soko. Uaminifu wa ndugu katika Kristo ni amana, nao hauuzwi.

Mwisho tunarudi pale kitandani. Ndugu mgonjwa, padre anapoingia au daktari anapokusogelea, usivute kanga. Anayekuja hakuji kukuhukumu. Onyesha chupa, onyesha unga, onyesha kopo, na ukiwa nayo, onyesha hata hirizi. Kilichofaa kitabaki mezani. Cha hatari kitaondolewa. Na kile kilichokufunga kwa hofu kitafunguliwa kwa sala na maungamo. 

Bikira Maria, Afya ya wagonjwa, awaombee wagonjwa wote wa Pemba na wale wanaowahudumia usiku na mchana.